Mtungi, Utambi na Joto la Temeke

Kabla ya majokofu kuenea katika nyumba za Temeke, maji ya kunywa yalitiwa mtungini, na mtungi ukawekwa kivulini mahali papitapo upepo. Udongo uliochomwa una vinyweleo. Maji huvipenya polepole, yakafika nje, yakageuka mvuke. Kila gramu igeukayo mvuke huchukua joto la kalori 580 hivi, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika mtungi wenyewe na maji yaliyobaki ndani. Mfinyanzi hakuhitaji hesabu hiyo. Alijua kwamba mtungi usiotoa jasho, maji yake huwa vuguvugu.

Huko Ulaya jambo hili lilitafutiwa kipimo. Katika miaka ya 1820 Ernst August wa Berlin aliweka pamoja vipimajoto viwili, kimoja kikavu, cha pili kimefungwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Hicho cha pili husema neno moja tu: ubaridi wa mwisho ambao hewa ya mahali hapo yaweza kuupata kwa maji peke yake.

Na hapa ndipo Dodoma na Temeke zinapoachana. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa sehemu 30 katika mia, kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, yaweza kushushwa hadi nyuzi 18 hivi. Temeke ni jirani ya bahari: hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa sehemu 65 haishuki chini ya 26. Basi zile mashine zinazopuliza hewa kupitia maji, ambazo wauzaji huzisifu mno, hazina kazi kubwa huko. Katika chumba kilichofungwa huzidisha unyevu tu. Willis Carrier, alipotengeneza mtambo wake wa mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, alikusudia kuuondoa unyevu, wala si kuuongeza.

Ngozi ya binadamu nayo ni mtungi. Mwaka 2010 Sherwood na Huber walikadiria kwamba utambi ukifika nyuzi 35, mwili hauwezi tena kutoa joto lake, hata kivulini. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika hewa yenye unyevu mwingi vijana wenye afya hushindwa mapema zaidi, karibu na 31. Kutoka 26 hadi 31 ni nyuzi tano. Tena 26 hizo ni za kivulini, kwa mtu aliyetulia. Sizo za chumba cha bati huko Mbagala saa nane mchana, wala za mchukuzi wa magunia pale Kurasini.