Fumbo, Msimbo na Ishara: Suala la Uthibitisho katika Riwaya za Kusimbua

Katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 25 aya ya 26, anatajwa mfalme wa nchi isiyoonekana katika ramani yoyote ya kale: Sheshaki. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hulipita jina hilo kama anavyoyapita majina mengine mengi ya falme zilizokwisha. Lakini Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti peke yake, irabu zikaachiwa msomaji, na hapo ndipo penye ufunguo. Zipange herufi 22 za alfabeti hiyo kwa mstari, kisha uukunje mstari katikati ili herufi ya kwanza ikutane na ya mwisho, na ya pili ikutane na inayoitangulia ya mwisho. B itaangukia Sh. L itaangukia K. Sh-Sh-K ikisomwa kwa mkunjo huo inakuwa B-B-L, yaani Babeli.

Njia hii huitwa Atbash. Mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza: tunajuaje kwamba si bahati tu ya herufi? Yeremia mwenyewe anajibu. Katika sura ya 51 aya ya 41, Sheshaki na Babeli wanaombolezwa katika aya moja, jina moja likirudia lingine kwa namna ya ushairi wa Kiebrania. Tena katika aya ya kwanza ya sura hiyo hiyo limo jina jingine geni, Leb-kamai. Likunje kwa kanuni ile ile, bila kuongeza wala kupunguza, na utapata Kasdim, jina la Kiebrania la Wakaldayo, wenyeji wa Babeli. Kanuni moja imefungua milango miwili, na mlango wa pili haukulazimika kufunguka. Kama usingefunguka, tungelazimika kurudi nyuma.

Nimeanza na Sheshaki kwa sababu mfano huo huo umo katika riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, *The Da Vinci Code*, ambayo imesomwa na mamilioni ya watu na kuzaa kundi kubwa la riwaya za taharuki zinazochanganya historia, sanaa na sayansi. Wahusika wake wanaelezana Atbash kwa usahihi, mfano wa Sheshaki ukiwamo, kisha wanaitumia kuligeuza jina Baphomet liwe Sofia ili wafungue chombo chenye kufuli ya herufi. Ukurasa huo unasisimua, na sioni sababu ya kuudharau. Msomaji anafundishwa kanuni, anapewa nafasi ya kuijaribu, na kufuli inafunguka au haifunguki. Shida ya riwaya hiyo, na ya utanzu mzima, iko katika kurasa nyingine, ambako kitu kisichokuwa na kufuli kinafunguliwa kwa sauti ile ile ya uhakika.

Hoja yangu ni kwamba riwaya za kusimbua huunganisha shughuli ambazo akili inapaswa kuzitenganisha, na kwamba lugha yetu ina nyenzo nzuri za kuzitenganisha. Kwanza tuna kitendawili. Anayetega ndiye mwenye jibu, na wasikilizaji wakishindwa humpa mji. Mtoto anaposikia "nyumba yangu haina mlango" na kujibu "kaburi", jibu lake lina mantiki, lakini ataambiwa hapana, ni yai. Uthibitisho hapa ni mapokeo ya jamii, na mtegaji anasimama badala ya jamii hiyo. Msimbo ni kitu kingine kabisa. Aliyeuandika anaweza kuwa amekufa miaka elfu, au ni adui asiyetaka kusema neno, na bado jibu likipatikana hujithibitisha lenyewe, maana ufunguo usio sahihi hutoa takataka za herufi, na ufunguo sahihi hutoa sentensi. Ishara nayo haina mtegaji wa kutupa jibu, wala haina takataka za kutuonya. Waridi katika mchoro, kikombe juu ya meza na mkono ulioinuliwa hupokea maana nyingi, na hakuna hata moja kati ya hizo inayojikataa yenyewe.

Msimbo halisi unavyofanya kazi ndani ya riwaya umeonyeshwa vizuri tangu zamani. Mwaka 1843 Edgar Allan Poe alichapisha "The Gold-Bug", hadithi ya mtu aitwaye Legrand, mkazi wa kisiwa cha Sullivan, South Carolina, anayepata ngozi yenye maandishi ya siri. Legrand hapewi ufunuo. Anahesabu. Alama inayojitokeza mara nyingi zaidi anaikisia kuwa ni "e", kwa kuwa ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza, kisha anatafuta kundi la alama tatu linalojirudia na kuishia na alama hiyo, na kutoka hapo anasonga herufi kwa herufi. Poe hakuibuni njia hiyo. Karne ya 9, huko Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi alikuwa ameandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu marudio ya herufi, na nakala ya risala hiyo ilihifadhiwa Istanbul hadi ikatambuliwa tena katika karne ya 20. Hata neno la Kizungu la maandishi hayo lina asili ya huko. Kiarabu *sifr* ndicho kilichotupa sifuri yetu. Neno hilo hilo lilipita katika Kilatini cha zama za kati likawa *cifra* kwa Wataliano na *chiffre* kwa Wafaransa, kwanza kwa maana ya sifuri, baadaye tarakimu, na mwishowe mwandiko wa siri. Muhammed Said Abdulla alipoiita riwaya yake ya mwaka 1974 *Siri ya Sifuri*, aliyaweka pamoja maneno mawili ambayo historia ilikuwa imeshayaoza.

Inafaa kujiuliza Legrand angefanyaje kama ngozi ile ingeandikwa Kiswahili. Nimewahi kulifanya zoezi hili na wanafunzi, na hufunza zaidi ya mihadhara. Alama inayoongoza kwa idadi itakuwa "a", na itaongoza kwa mbali. Mipaka ya maneno ikionekana, kazi inazidi kuwa nyepesi, kwa kuwa karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na hata maneno ya kukopa tunayapa irabu mwishoni. Kwa hiyo alama tano tu ndizo zitakazojaa kwenye miisho ya maneno, na irabu zote zitajulikana kabla hujagusa konsonanti hata moja. Kisha yatafute maneno ya herufi mbili yanayoishia na "a" na kujirudia kila mahali: "wa", "ya", "na", "za", "la". Upatanisho wa kisarufi nao unamsaliti mwandishi, maana silabi inayoanzisha nomino huelekea kurudi katika kivumishi na kitenzi. Q na X hazimo kabisa. Kiswahili ni lugha ngumu kuifichia siri kwa kubadilisha herufi, na pengine ndiyo sababu kinyume, mchezo wa kupeleka silabi ya mwisho mbele ili nyumba iwe "mbanyu", hushambulia mpangilio wa silabi na kuziacha sauti zilivyo. Mwanafunzi aliyeufumbua msimbo mmoja kwa mkono wake, akakosea mara tatu kabla ya kupata, hasomi tena riwaya hizi kwa jicho lile la mwanzo.

Anapofika kwenye *Karamu ya Mwisho*, kwa mfano, atauliza swali lile lile la Sheshaki. Leonardo da Vinci aliichora karamu hiyo ukutani, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milano, kati ya takriban mwaka 1495 na 1498. Riwaya ya Brown inadai kwamba mtu mwenye sura laini aliyeketi kuumeni kwa Yesu ni Maria Magdalena. Msomaji anaangalia picha na kuona kweli sura haina ndevu, nywele ni ndefu, uso umeinama. Ushahidi unaonekana umetosha. Lakini kanuni ikishatajwa, lazima ijaribiwe kwingine. Kama uso laini bila ndevu ni alama ya mwanamke, Castagno aliyechora karamu hiyo hiyo Firenze mwaka 1447 naye alificha mwanamke, na Ghirlandaio aliyeichora huko huko mwaka 1480 alificha mwingine. Wachoraji wa Firenze walikuwa na desturi: Yohana, mwanafunzi kijana kuliko wote, huchorwa bila ndevu. Ufunguo wa riwaya unafungua kila mlango mtaani, na ufunguo wa namna hiyo hautuambii lolote kuhusu mlango wetu.

Kwa upande wa historia jambo ni zito zaidi. Ukurasa wa mwanzo wa riwaya hiyo, uliowekwa kichwa kinachoahidi ukweli mtupu, unasema kwamba chama cha siri kiitwacho Prieuré de Sion kilianzishwa mwaka 1099. Chama cha jina hilo kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na hati zilizokipa ukale zilitungwa na kupenyezwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris katika miaka ya 1960. Wapo wanaosema kwamba riwaya ni riwaya na haina deni kwa mwanahistoria. Nakubaliana nao kuhusu kila ukurasa isipokuwa ule mmoja. Mwandishi anapotoka nje ya hadithi na kuthibitisha jambo kwa sauti yake, ameingia katika mapatano mengine na msomaji, na katika mapatano hayo hati ya kughushi ni hati ya kughushi.

Jibu bora kwa Brown liliandikwa kabla yake. Umberto Eco, msomi wa elimu ya ishara kutoka Italia, alichapisha *Il nome della rosa* mwaka 1980 na *Il pendolo di Foucault* mwaka 1988. Katika riwaya ya kwanza, mtawa William anachunguza vifo katika abasia moja mwaka 1327, na anaamini muuaji anafuata mpangilio wa baragumu za Ufunuo wa Yohana. Anamfikia mhusika, kisha anagundua kwamba mpangilio haukuwapo. Mfululizo aliouona ulitokana na sadfa na hila za watu mbalimbali, naye alifika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi. Sijui riwaya nyingine ya upelelezi inayomtendea msomaji wake heshima kubwa kiasi hicho. Katika ya pili, wahariri watatu wa Milano wanajenga mpango mkuu wa siri za karne nyingi kutokana na karatasi iliyochakaa ya mji wa Provins. Lia, mwenzi wa msimulizi, anaichukua karatasi hiyo kwa utulivu na kuisoma upya: ni orodha ya mfanyabiashara ya bidhaa za kupeleka, nyasi, vitambaa na mawaridi. Tafsiri yake haisisimui, lakini inaeleza maneno mengi zaidi kwa dhana chache zaidi, na msomaji anayeipitia haraka ameikosa nafsi ya kitabu.

Sisi nasi hatukuwa nyuma katika hili. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, inaweka maiti mahali ambapo jamii ina maelezo tayari: mzimu. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, hadharau imani ya watu. Anachokataa ni maelezo yasiyoweza kushindwa. Mzimu unaweza kuua mtu yeyote, saa yoyote, kwa sababu yoyote, na kwa hiyo kuutaja si kueleza kifo hiki. Mantiki hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta mbele ya ukuta wa Milano.

Wasimbuaji halisi wa karne ya 20 waliishi kwa kukataa. Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, ilikuwa na kasoro moja ya kimuundo: herufi haikuweza kamwe kusimbwa kuwa yenyewe. A ilikuwa chochote isipokuwa A. Msimbuaji wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kusimbua, aliyekisia kwamba ujumbe una maneno fulani, labda ya taarifa ya hali ya hewa, aliyaweka maneno hayo chini ya maandishi ya siri na kuyasogeza hatua kwa hatua. Popote herufi mbili zinazofanana zilipokutana, makisio yalikufa mahali hapo. Mashine aliyoibuni Alan Turing, iliyoanza kazi mwaka 1940 na kuendeleza msingi uliowekwa na Marian Rejewski na wenzake wa Poland tangu 1932, haikutafuta jibu moja kwa moja. Ilipitia mipangilio ya mashine na kuiondoa ile iliyojipinga yenyewe, na kilichobaki ndicho kilichostahili macho ya binadamu. Robert Harris aliifahamu hali hii katika riwaya yake *Enigma* ya mwaka 1995, na taharuki yake bora iko pale watu waliochoka wanapongoja kuona kama kisio litadumu.

Kazi ya aina hiyo ilifanyika Mombasa pia. Wajapani walipoishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, kituo cha Waingereza cha kusikiliza na kusimbua mawasiliano ya Japani kilihamishwa kutoka Colombo hadi Kilindini, kikawekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram linalotazama Bahari ya Hindi. Huko walikabiliana na JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Kwa muda waliuona kuwa ni wa aina waliyokwisha kuizoea, wa kujumlisha tarakimu juu ya tarakimu, na kwa dhana hiyo haukufunguka. Mwezi Septemba 1942 kosa la upande wa Japani liliwapa John MacInnes na Brian Townend fununu. Ikawabidi waiache dhana ya awali: lilikuwa jedwali la makundi 100 ya tarakimu mbili mbili, ambazo baadaye zilipanguliwa kwa safu. Kufikia Novemba walisoma ujumbe wote wa nyuma, na mpya ulisomwa kadiri ulivyopokelewa. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika riwaya ya kusimbua ana jengo, bahari, vita na miezi ile ya dhana potofu, watu wakiwa wameinama juu ya tarakimu zisizotaka kuwa neno.