Kanda Zilizobaki Juu ya Kabati

Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, juu ya kabati la nguo au chini ya kitanda, kuna boksi ambalo hakuna anayelifungua. Ndani yake mna kanda za video, nyeusi, zenye karatasi ubavuni iliyoandikwa kwa wino uliokwisha kufifia. Mwenye nyumba hathubutu kuzitupa, wala hana tena deki ya kuzionea. Kanda za namna hiyo ndizo nimekuwa nikizikusanya kwa miaka kadhaa sasa. Ndugu msomaji utaniruhusu nieleze kwa nini mtu mzima mwenye akili zake hutumia fedha na Jumamosi zake kwa jambo kama hilo.

Mimi sikukulia na video. Nilikulia Songea, katika nyumba yenye redio tu, na nilipohamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye sidii na dividii. Mwaka 2009 nilipita soko la Tandika kutafuta vyombo vya mtumba, nikamkuta muuzaji mmoja amekaa karibu na rundo kubwa la kanda. Nilimwuliza nani hununua vitu hivyo siku hizi.

"Wakulima, kaka," alinijibu. "Wanavunja, wanatoa tepu, wanaifunga shambani kwenye mpunga. Upepo ukivuma inalia, ndege wanakimbia."

Nilinunua kanda kumi na mbili kwa fedha ambayo isingetosha chakula cha mchana. Baadaye fundi mmoja wa Keko, mzee mpole, aliniuzia deki iliyokuwa ikijaza vumbi kwenye rafu yake. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa historia ambayo majirani zangu wote waliijua, ila hakuna aliyeona kuwa ni historia.

Aina hii ya kanda, VHS, ilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kuleta Betamax. Katika nchi tajiri watu walinunua deki hasa ili wanase vipindi vya televisheni wavitazame kwa nafasi zao. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza pamoja na vituo vingine vya watu binafsi. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye zaidi. Kwa hiyo hapa deki ilitangulia, kituo kikafuata. Mtu wa Magomeni aliyekuwa na televisheni mwaka 1988 aliinunua kwa sababu ya deki. Bila deki ingekuwa pambo la sebuleni.

Vifaa hivyo viliingia kwa wingi baada ya bajeti ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Hadi wakati huo filamu zililetwa nchini kupitia Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, na zilionyeshwa katika majumba ya senema kama Empire, Avalon na Odeon, ambayo yote yalikuwa katikati ya mji. Kanda ya video haikuhitaji shirika wala jumba. Iliweza kusafiri ndani ya sanduku la nguo kutoka Dubai, Muskati au London, ikanakiliwa usiku mmoja kwa deki mbili, na kesho yake ikawa Tandale.

Ndivyo yalivyozaliwa mabanda ya video. Yalikuwa ya mabati au makuti, yenye mabenchi ya mbao, madirisha yaliyozibwa kwa viroba, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Mkazi wa Mbagala hakulazimika tena kupanda basi kwenda mjini kutazama picha ya Kihindi au ya kung-fu. Alitembea hatua chache, akalipa kiingilio kidogo, akakaa na majirani zake.

Lakini picha zenyewe zilikuwa katika lugha ambazo wengi hawakuzielewa, na hapa mji wetu ulifanya jambo lake. Walijitokeza watu wa kuzisimulia kwa Kiswahili. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, ambaye kila mtu alimfahamu kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilirekodiwa juu ya ile ya picha. Alipozungumza yeye, waigizaji walipunguzwa sauti. Kazi yake ilizidi kutafsiri. Alieleza, alitania, alionya kuwa jambazi yuko nyuma ya mlango, alifafanua mila za watu wa mbali kwa mifano ya nyumbani. Kenya wana DJ Afro, na Kampala VJ Jingo hufanya hivyo kwa Kiganda. Katika kanda zangu kumi na mbili za kwanza, nne zilikuwa na sauti za wasimuliaji wa aina hiyo, na mbili kati ya hao hadi leo sijaweza kujua ni nani.

Nilipofika hapo ndipo nilipotambua ninachokusanya. Picha ya Hong Kong iliyomo ndani ya kanda haijapotea. Ipo duniani katika nakala safi kuliko yangu. Kinachoweza kupotea ni kile kilichoongezwa hapa: sauti ya msimuliaji, tangazo la sabuni lililonaswa kwa bahati, mwandiko wa mwenye maktaba ya video aliyeandika "Irudishwe ikiwa imerudishwa mwanzo". Na zaidi ya hayo yote, kanda za nyumbani.

Kuanzia miaka ya 1990 hakukuwa na harusi ya maana bila mpiga video. Tulizichoka kanda hizo. Saa nzima ya watu wakipanga foleni kutoa zawadi, taa kali ikiwapofusha wageni, muziki uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Leo ninazitazama kwa jicho jingine. Ndani yake mna mitaa ya Yombo kabla haijajaa ghorofa, mishono ya vitenge, mabati ya zawadi, namna wazee walivyosalimiana.

Jirani yangu mmoja wa Mtoni aliniletea kanda mwaka 2017. Mama yake alikuwa amefariki, na alisikia kuwa kwangu kuna deki. Ubavuni paliandikwa "Harusi", neno hilo likakatwa, chini yake pakaandikwa "Fainali 98". Mpiga video alikuwa amekivunja kile kipande kidogo cha plastiki ili kanda isifutwe, kama ilivyokuwa desturi. Mtu mwingine wa nyumbani, akitaka kunasa mpira, aliziba tundu kwa selotepu. Tuliweka kanda, tukaona Ufaransa ikiifunga Brazili mabao matatu kwa sifuri. Jirani yangu alinyamaza, akaanza kutafuta mkoba wake.

Nilimwomba asubiri. Kanda ya E-180 hubeba dakika 180, na mpira pamoja na mapumziko hauzidi sana saa mbili. Anayerekodi juu ya kanda hufuta tu pale anapopita; asipofika, cha zamani hubaki. Mpira uliisha, picha ikachafuka, ikaja chenga nyeupe, halafu tukawa uani kwenye harusi. Yalibaki kama dakika kumi na moja. Mama yake alikuwa amebeba sinia, akamwambia mpiga video, "Baba, niache mimi, kawapige maharusi," kisha akacheka. Jirani yangu aliomba nirudishe. Akaomba tena. Mara ya nne alitoa simu, akarekodi sauti peke yake, kwa kuwa wanawe walikuwa hawajapata kuisikia sauti ya bibi yao.

Muda wa kazi hii si mrefu. Unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe juu ya utepe, na ukungu huo huchafua hedi za deki ambazo hatuna nyingine. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani ilisimamisha kutengeneza deki za VHS. Mzee wa Keko hutengeneza moja kwa kuchinja mbili. Hata filamu zetu wenyewe zimo hatarini. Nigeria wanahesabu mwanzo wa sinema yao ya video kutoka "Living in Bondage" ya mwaka 1992, iliyouzwa moja kwa moja kwenye kanda. Sisi tuna "Shamba Kubwa" ya mwaka 1995 na "Girlfriend" ya mwaka 2003, za wakati ambapo kanda ilikuwa bado ndiyo njia ya kumfikia mtazamaji wa uswahilini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo pamoja na kanda ninaweka daftari. Kila ninapoitazama kanda ya familia humwalika mzee mmoja wa nyumba ile, akanitajia waliomo: huyu ni shangazi wa bwana harusi, huyu alikuwa dereva wa UDA, yule hatukumjua, alikuja kula. Ninaandika dakika na jina. Kanda ninaweza kuihamishia kwenye kompyuta mwakani, deki ikiwa bado hai. Majina siwezi kuyapata mahali pengine popote mzee huyo akishaondoka. Kama boksi lako bado liko juu ya kabati, huna haja ya kungoja deki. Soma maandishi ya ubavuni, chukua kalamu, umwulize mama au shangazi wiki hii ni harusi ya nani, na nani walihudhuria.