Homoni ya Ukuaji: Kutoka Mochwari Hadi Matangi ya Bakteria

Aprili 1985 Marekani ilisimamisha ugawaji wa homoni ya ukuaji iliyokamuliwa kutoka kwa maiti. Vijana waliokuwa wamechomwa sindano hizo utotoni walikuwa wameanza kufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huuharibu ubongo na hauna tiba. Uingereza nayo ikafuata. Waliosalimika, isipokuwa wachache waliowahi kuingizwa kwenye majaribio, ni wasichana wenye sindromu ya Turner. Hakuna aliyewakinga. Walisalimika kwa kuwa dawa hiyo haikuwafikia.

Mwaka 1938 daktari Henry Turner wa Oklahoma aliandika habari za wagonjwa 7, wote wa kike: wafupi, ngozi ya shingo imetanuka hadi mabegani, viwiko vimepinda kwa nje, na umri wa kuvunja ungo umewapita. Otto Ullrich wa Ujerumani alishamweleza mtoto wa namna hiyo mwaka 1930, na Nikolai Shereshevsky wa Moscow alitangulia mwaka 1925; Warusi hadi leo humtaja wa kwao kwanza. Chanzo kilijulikana mwaka 1959, Charles Ford na wenzake huko Uingereza walipozihesabu kromosomu za msichana wa miaka 14 wakakuta 45 badala ya 46. Kromosomu moja ya X haikuwepo. Kwa wengine hukosekana kipande chake tu. Hali hiyo humpata mtoto mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Asipotibiwa, kimo chake ukubwani huwa sentimita 143 hivi, pungufu ya wenzake kwa takriban 20.

Homoni ya ukuaji, hata hivyo, kwa kawaida anayo ya kutosha, na hilo ndilo lililomweka nje ya foleni.

Mwaka 1958 Maurice Raben wa Boston alitangaza kwamba kijana wa miaka 17 alikuwa ameongezeka kimo kwa homoni aliyoitoa kwenye tezi za pituitari za maiti. Homoni ya ng'ombe ilikuwa imejaribiwa, binadamu haikumfaa. Basi ikabidi kutegemea vyumba vya maiti. Pituitari ni tezi ya ukubwa wa punje ya kunde, imejificha chini ya ubongo, na kumtibu mtoto mmoja kwa mwaka kulihitaji tezi za watu wengi. Marekani iliunda wakala wa taifa wa kuzikusanya na kuzigawa. Watoto wapatao 7,700 walitibiwa chini ya mpango huo. Kwa uhaba huo, waliotangulizwa ni wale ambao miili yao haitengenezi homoni hiyo.

Kilichoubadilisha mchezo kilianzia San Francisco, na hakikuwa kisafi. Usiku wa kuamkia mwaka 1979, Peter Seeburg, mtafiti Mjerumani aliyekuwa amehamia kampuni changa ya Genentech, alirudi kwenye maabara yake ya zamani ya chuo kikuu akachukua vinasaba alivyokuwa amevifanyia kazi. Miaka 20 baadaye aliieleza mahakama kuwa vinasaba hivyo vilitumika kutengenezea homoni ya kampuni. Mwenzake David Goeddel alikana. Mwaka 1999 Genentech ililipa dola milioni 200 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa. Vyovyote iwavyo, bakteria walikuwa wamefundishwa kutengeneza homoni ya binadamu, na Oktoba 1985, miezi 6 tu baada ya dawa ya maiti kufungiwa, ile ya bakteria ikaruhusiwa.

Sasa dawa ilikuwa tele, na dawa ikiwa tele hutafutiwa wagonjwa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Tayari mwaka 1983 Ron Rosenfeld wa Stanford alikuwa ameanza kuwajaribu wasichana 70 wenye Turner, na waliochomwa homoni peke yake walifikia wastani wa sentimita 150. Mwishoni mwa 1996 Marekani iliruhusu matibabu hayo. Mwaka uliofuata ikatambuliwa jeni ya SHOX, inayohusika na ukuaji wa mifupa, iliyo kwenye ncha ya kromosomu X: hitilafu ilikuwa kwenye mifupa, si kwenye tezi. Ndiyo maana dozi yao ni kubwa kuliko ya mtoto aliyepungukiwa homoni.

Lakini wasichana wa Stanford walipofikia utu uzima walilinganishwa na rekodi za zamani. Wakanada ndio walioliuliza swali bila kukwepa: wakawagawa wasichana kwa kura, kundi moja lichomwe, jingine lisichomwe, hadi wote waache kurefuka. Lilikuwa jaribio gumu kwa mzazi kulikubali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: tofauti ilikuwa sentimita 7 hivi.

Sentimita 7 hizo huja kwa kalamu ya dawa inayokaa kwenye friji, na sindano ya pajani au tumboni karibu kila jioni kwa miaka mingi, tena kwa bei ambayo familia nyingi haziiwezi. Sioni sababu ya kuzidharau. Tofauti hiyo yaweza kumwezesha mtu kuifikia pedali ya breki bila kuegemezwa mto mgongoni. Ila homoni hii haifufui ovari, ambazo kwa wengi wao zimekufa mapema, kwa hiyo wafikapo miaka 11 au 12 huongezwa estrojeni kidogo kidogo ili wapevuke. Haitibu moyo pia. Wengi wana kasoro za aota au vali yake, na mshipa huo unaweza kupasuka ukubwani. Kwa sababu hiyo madaktari huagiza moyo upigwe picha pale tu mtoto anapogundulika, hata akiwa bado mchanga.