Namba Inajua Simu, Haimjui Mtu

Kama ulikuwa na simu Tanzania mwaka 2016, utaukumbuka usiku wa Juni 16. Ulibonyeza *#06#, ukapata IMEI yenye tarakimu 15, ukaituma kwenda 15090, ukasubiri jibu roho ikiwa juu. Ilipofika saa sita usiku, TCRA ikaanza kuzima simu feki. Laini yako nzima, salio lipo, lakini kifaa chenyewe kimekataliwa.

Sasa njoo Kibamba, kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia kifurushi cha Wi-Fi. Mwenye ruta naye ni TCRA ndogo: anaingiza namba za MAC za simu za waliochangia, wengine wanagonga mwamba hata kama nywila wanayo. Lakini je, namba hiyo ilibuniwa kwa ajili ya ulinzi?

Hapana. Mwaka 1973, Robert Metcalfe na David Boggs waliunganisha kompyuta kwa waya mmoja kwenye maabara ya Xerox kule California. Mfumo huo ndio Etheneti. Waya ukiwa mmoja, kila kompyuta inasikia kila ujumbe, kwa hiyo lazima ujumbe utaje unakwenda kwa nani. Mwanzoni anwani ilikuwa na biti 8 tu. Mwaka 1980, Xerox, Intel na DEC wakaipanua hadi biti 48, ili vifaa duniani visigongane anwani. Leo IEEE huipa kampuni sehemu ya mwanzo, kiwanda kinamalizia iliyobaki.

Ni bahasha, si kufuli. MAC husafiri hewani waziwazi hata pale Wi-Fi inapokuwa na nywila, hivyo mjanja anaweza kuinasa na kuivalisha kompyuta yake. Halafu tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi hujitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe kila anakopita. Ukifuta simu na kuianza upya, namba inaweza kubadilika.

Unaona matokeo yake? Jirani aliyelipa anafungiwa nje, mjanja anapita. Hata mwaka 2016, aliyenunua simu feki bila kujua ndiye aliyebaki na hasara.

Kwa hiyo ukisimamia ruta, tegemea WPA2 au WPA3 na nywila ndefu, uibadilishe mpangaji anapohama. Na jirani akilalamika kwamba amekatwa, usianze kumwita mwizi. Angalia kwanza kama simu yake imebadili namba.