Upimaji wa Ardhi na Hila ya Jiwe Dogo

Msomaji, katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, ardhi haifanani. Ukingo wa Manga ni mwamba mgumu usiopitisha umeme kwa urahisi. Tabaka liko jiwe la sabuni, laini hata huchongwa kwa kisu. Mabondeni mna mfinyanzi uliolowa maji, ambao hupitisha umeme upesi. Je, atakaye kujua yaliyo chini kwa kilomita nyingi atavukaje mchanganyiko huu asidanganyike?

Njia yenyewe ilielezwa na Tikhonov wa Urusi mwaka wa 1950, kisha na Cagniard wa Ufaransa mwaka wa 1953. Walionyesha kwamba sumaku ya dunia hutikisika, na mtikiso huo huzaa mikondo ya umeme ardhini. Mtikiso wa haraka, utokao kwa radi, huishia karibu; wa polepole, utokao kwa jua, huzama mbali. Basi apimaye sumaku na umeme juu ya ardhi aweza kujua ukinzani wa miamba ya chini.

Lakini jiwe dogo karibu na kipimo hupotosha umeme, kama jiwe la mtoni ligeuzavyo maji. Ukinzani ukionekana mara 4 kuliko ulivyo, kina nacho huonekana mara 2.

Kosa la namna hiyo ni ghali, kwa maana kuchimba ni gharama. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima 2 vilichimbwa katika miaka ya 1950, navyo havikufaa. Utafiti ulirudiwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Baadaye wapimaji wa huko walitumia njia ya Tikhonov na Cagniard pamoja na dawa yake. Waya hutandazwa ardhini kwa umbo la mraba, mkondo hupitishwa, kisha hukatwa ghafula, na kufifia kwa sumaku hupimwa. Kwa kuwa jiwe dogo halipotoshi sana sumaku, kipimo hiki husahihisha kile cha kwanza.

Mwaka wa 1989 Groom na Bailey, huko Kanada, walitoa hesabu ya kutenga upotofu na ukweli. Hata hivyo hesabu hiyo haionyeshi yote. Kiasi cha kuzidi au kupungua hubaki kimefichika, na hapana budi kipimo cha pili kiulizwe.

Kumbuka basi, msomaji: shahidi mmoja, hata akiwa mwaminifu, aweza kusimama mahali pabaya.