Kompyuta ilivyojifunza kulala

Leo tupige stori ya historia, ila sio ya Maji Maji. Ni ya chaji.

Kule kwetu Mwazye, ukitaka kujua thamani ya chaji kaa na mtu wa sola mwezi wa pili, mawingu yametanda Ufipa nzima. Sasa nani anaamua laptopu ile umeme kiasi gani? Wengi mtasema betri au kioo. Kuna mwingine mnamsahau: keneli, yaani ile programu ya kati kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kazi kwa prosesa na vifaa vingine.

Zamani keneli haikuwa na sauti sana. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walileta utaratibu wa APM, ambapo kazi kubwa ilibaki kwa BIOS, programu ndogo iliyokaa kwenye bodi ya kompyuta. Tatizo ni kwamba BIOS haijui kama unaandika esei au umeenda kula ugali. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, mamlaka yakahamia kwenye mfumo endeshi.

Kupewa mamlaka ni jambo moja, kuyatumia ni lingine. Chukua Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003, kwenye PC za kawaida prosesa ilishtuliwa mara 1000 kila sekunde, kazi iwepo isiwepo. Ni sawa na mwalimu wa zamu anayezunguka bwenini usiku kucha akiuliza, "Kuna mwenye shida?" Nani atalala hapo? Mwaka 2005 wakashusha hadi 250, lakini bado ni kelele.

Dawa ilikuja Aprili 2007, toleo la 2.6.21, kwa kazi ya akina Thomas Gleixner na Ingo Molnar. Kama hakuna kazi, keneli inaangalia kazi inayofuata ni saa ngapi, inatega kengele, prosesa inalala. Mwezi uliofuata Intel wakatoa PowerTOP, programu ya kuwataja hadharani wanaoamsha prosesa bila sababu. Ikaonekana wakorofi wengine ni programu za kawaida kabisa, nazo zikarekebishwa.

Miaka hiyohiyo laptopu ya watoto ya XO, iliyotumia Linux, iliundwa hivi kwamba prosesa inalala huku mtoto anaendelea kusoma kwenye kioo. Majirani zetu Rwanda walizindua mpango wa kuzipeleka shule za msingi mwaka 2008.

Kwa hiyo walimu watarajiwa wenzangu, shule yenye sola ikipewa kompyuta, tusiulize tu ukubwa wa paneli. Tuulize pia mfumo endeshi uliomo ni wa mwaka gani, na kama unajua kulala. Paneli ileile inaweza kubeba kipindi kimoja zaidi.

Mnasemaje wadau? Tupo pamoja.