Mkanda Ulipokatika

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati wa masika, mashine yetu ya mkate ilipotoa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Mota iliendelea kuvuma, lakini kile kibawa cha chuma kinachokanda unga kilikuwa kimesimama. Nilipofunua nikaona donge lisilo na sura: katikati limeshikana, pembeni unga mkavu, na chini maji yamejikusanya.

Mdogo wangu ndiye aliyeileta mashine ile kutoka Uingereza, miaka minne nyuma, ili Mama apumzike. Mama alikanda maandazi na mikate ya kuuza kwa zaidi ya miaka ishirini. Ada zetu za shule zilitoka katika mikono ile, ambayo sasa ilimuuma viungo kila mvua iliponyesha. Tuliona tumemtendea wema. Sikuwa nimejiuliza kwa nini, tangu mashine ifike, alikuwa hakanyagi tena jikoni siku ya mkate.

Sisemi haya kwa kuichukia mashine. Kukanda ni kazi ya sulubu, na watu wametafuta namna ya kuikwepa tangu kale. Mjini Roma, penye lango liitwalo Porta Maggiore, lipo mpaka leo kaburi la mwokaji mikate Eurysaces, la karne ya kwanza kabla ya Kristo, na katika michongo yake anaonekana mnyama akizungusha chombo cha kukandia. Huko Marekani, Joseph Lee, mtu mweusi aliyefanya kazi ya hoteli karibu na Boston, alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1894 kwa mashine yake ya kukanda unga. Mwaka uliofuata akapata nyingine kwa mashine ya kusaga mkate kuwa chenga, maana hakupenda kuona mkate uliobaki ukitupwa. Hapo nilimkumbuka Mama, ambaye mkate uliolala kwake haukutupwa kamwe.

Lakini hizo zilikuwa mashine za waokaji. Ile ya nyumbani, inayokanda, kuumua na kuoka ndani ya chombo kimoja, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1987 na kampuni ya Matsushita, ambayo bidhaa zake wengi tunazijua kwa jina la Panasonic. (Ya kwetu ilikuwa ya kampuni nyingine.) Kisa cha kuzaliwa kwake wamekisimulia Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi katika kitabu chao cha mwaka 1995. Wahandisi walikuwa wamekwama: mkate ulitoka umeungua ganda, na ndani mbichi. Walifikia hata kupiga picha za eksirei donge lililokandwa na mashine na lile lililokandwa na fundi, wakazilinganisha, wasipate jibu. Ndipo mwenzao mmoja, Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu za kompyuta, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, hoteli iliyosifika mjini humo kwa mkate wake. Akaukanda unga kwa mikono yake mwenyewe. Mwishowe akatambua kwamba yule bwana alikuwa akiuvuta unga na wakati huohuo akiupotoa. Basi wahandisi wakatia mbavu ndani ya chombo, ili donge likamatwe na kupotoka kibawa kinapozunguka. Mkate ukakubali.

Usiku ule sikuwa nimesoma habari hizo. Nilichojua ni kwamba nina nusu kilo ya unga uliolowa, hamira imekwisha kutiwa, na asubuhi tuna wageni. Nilikuwa nachukua mfuko wa taka niliposikia kandambili za Mama ukumbini.

“Unataka kufanya nini?”

“Imeharibika, Mama.”

“Mashine ndiyo imeharibika. Unga umekukosea nini?”

Alivuta kigoda akaketi. Akaniamuru ninawe, nipake mafuta kidogo viganjani, nilitoe donge lote pamoja na unga wa pembeni nilimwage kwenye sinia. Niliomba kikombe cha kupimia, akacheka. Alichovya vidole viwili katika unga wa mfukoni, akavisugua pamoja. “Huu umekwisha kunywa maji ya mvua,” akasema, akanirushia konzi moja ya unga mkavu, kisha nusu nyingine. Miaka yote minne nilikuwa nikipima vikombe vilevile kiangazi na masika, na kila masika mkate ulibonyea katikati kama mto wa kulalia. Nilikuwa nikiilaumu hamira.

Nikaanza kukanda. Nilikuwa naponda kwa ngumi, kama afuaye mablanketi. Akavumilia kidogo, halafu akainuka, akaweka mikono yake yenye viungo vilivyovimba juu ya yangu. Alisukuma kwa kisigino cha kiganja, akakunja, akageuza, na katika kugeuza akaupotoa unga kidogo, kama mtu anayekamua nguo nyepesi asitake kuichana. Nikamwuliza kwa nini anafanya hivyo. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini tunatembea.

“Ndivyo unavyotaka,” akasema.

Ilichukua kama robo saa. Donge likalainika, likaacha kunata, nikilibonyeza linarudi. Tukalifunika kwa kitambaa kibichi. Kijitabu cha mashine kilisema saa moja na zaidi. Kwa joto letu hata lile la usiku, baada ya dakika arubaini Mama aliligusa akasema tayari. Oveni hatukuwa nayo. Tulioka katika sufuria nzito, makaa machache chini na mengi yamepaliwa juu ya kifuniko, kama tulivyooka utotoni.

Wataalamu wawili, Rodrigo Ribeiro na Harry Collins, waliandika mwaka 2007 kuipinga sehemu ya kisa cha Osaka. Kwa maoni yao, mashine haikuubeba ujuzi wote wa mwokaji. Kazi nyingine bado inafanywa na mtu anayeitumia, bila yeye kutambua kwamba anaifanya. Mimi nawaunga mkono, ingawa kwetu hata hicho alichoachiwa mtu kilikuwa kimekosa wa kukifanya. Aliyejua tulikuwa tumemwambia akapumzike.

Asubuhi mkate ulikuwa na ganda jeusi upande mmoja, maana moto niliupalia mimi. Wageni waliula wote. Mkanda niliupata baada ya miezi miwili, fundi aliuchomoa katika mashine nyingine mbovu. Sasa kibawa kinakanda, na mikono ya Mama haifanyi kazi ya nguvu. Lakini kigoda hakijatoka jikoni. Baada ya dakika tano za kukanda huifunua mashine bila kuizima, jambo lililokatazwa katika kijitabu, akabonyeza kwa vidole viwili, kisha akaagiza maji au unga.

Mara nyingi husema maji. Mwezi uliopita alisema, “Sema wewe kwanza.” Nikasema maji, akaongeza unga.